Ripoti Mbili za Mfumo wa Bure

Simiyu tulimzika Jumamosi iliyopita, nyuma ya nyumba yake pale Kitale, kwenye kipande cha shamba ambacho mahindi yake yalikuwa yamevunwa juzi tu na mabua bado yamesimama. Mwendesha shughuli alinijia nikiwa nimekaa chini ya turubai, akaniuliza kama ningesema maneno mawili kuhusu kazi ya marehemu, maana mjane alimwambia kwamba mimi ndiye niliyefanya naye kazi ya kompyuta zamani, enzi ambazo watu wengi wa huku hawakuwa wameigusa. Nilimwambia sauti imenikauka. Akaitwa jirani badala yangu, akasema marehemu alikuwa fundi mwaminifu wa redio na mizani, watu wakaitikia, nami nikabaki nikitazama viatu vyangu. Fundi wa redio na mizani. Ni kweli, ndivyo alivyokuwa kwa miaka ishirini na zaidi ya mwisho wa maisha yake. Lakini kabla ya hapo alikuwa mtu wa kazi nyingine, na aliyemtoa katika kazi hiyo ni mimi, kwa sentensi moja niliyoiandika nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne. Nimechoka nayo sentensi hiyo. Nimeishi nayo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu, na sasa kwa kuwa mmoja wa watu waliokuwa na haki ya kunilaumu hayupo, naona afadhali niiandike hapa pamoja na mwaka wake wote.

Ulikuwa mwaka mmoja mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa kumbukumbu katika hospitali ya misheni upande wa Bungoma, kazi niliyotafutiwa na Matroni Khaemba, mkuu wa wauguzi, mwanamke mrefu ambaye viatu vyake vyeupe ulivisikia kabla hujamwona. Chumba changu kilikuwa na rafu za mbao kuanzia sakafuni hadi darini, zimejaa kadi za wagonjwa, na kila msimu wa mvua mchwa walikula herufi kadhaa za alfabeti. Mwaka uliotangulia kanisa rafiki la ng'ambo lilikuwa limetuletea kompyuta tatu zilizokwishatumika. Nilikaa miezi minane nikiingiza majina. Kisha mtu mmoja akaleta disketi yenye mchezo wa karata, virusi vikaingia, na asubuhi moja nikawasha mashine nikakuta kliniki nzima ya akina mama wajawazito imefutika. Matroni aliniletea chai siku hiyo, akaniwekea sukari mwenyewe, akasema, "Usilie, msichana wangu. Kadi ziko. Utaanza tena." Nakumbuka wema ule kwa sababu baadaye ulinigharimu.

Daktari mkuu, Daktari Mukhwana, alikuwa mtu wa maneno machache na macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliniita akaniambia kuna fundi Kitale anayesifu mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, mfumo usio na mwenyewe, ulioandikwa na watu wa kila nchi wasiolipwa, na ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuusoma ndani. Siku hizi mfumo huo umo hata katika simu za mkononi na hakuna anayejisumbua kuutaja. Wakati ule kuutaja tu kulimfanya mtu akuangalie mara mbili. "Tunaanza kupima watu ule ugonjwa," Daktari aliniambia. Hakuutaja kwa jina. Miaka ile tulikuwa hatuutaji. "Majibu yataingia kwenye mashine. Yakitoka nje, mtu anafukuzwa kwao, anafutwa kazi, anajinyonga. Nenda Kitale ukae na huyo fundi wiki sita. Sitaki uniambie ni rahisi au ni ngumu. Niambie kama ni salama. Watu wanasema ina jina baya, wengine wanasema ina jina zuri. Nataka kujua jina lake la kweli."

Karakana ya Simiyu ilikuwa ghorofani, juu ya kinu cha posho. Kinu kilipoanza asubuhi sakafu yote ilitetemeka, unga ukapanda kwenye nyufa za mbao, na ndiyo maana kila kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha meza chenye maua alichoshona mkewe, Chebet. Simiyu alikuwa na miaka kama thelathini na tano, mwembamba, mwenye kalamu nyuma ya sikio na tabia ya kukupa jibu wakati umeshasahau swali. Walinipa chumba cha nyuma kwao. Chebet alitoka mteremko wa Mlima Elgon, na chakula chake kilikuwa kile kile karibu kila siku, ugali mweusi wa wimbi, mboga ya managu, na maziwa lala ya kibuyu yenye chembechembe za mkaa, ambayo wiki ya kwanza niliyanywa kwa heshima tu na wiki ya tatu nikawa nayaulizia. Hapo mezani ndipo nilipojifunza mengi kuliko karakanani, kwa sababu Chebet alikuwa na desturi ya kumuuliza mumewe maswali ambayo mimi niliona aibu kuyauliza.

"Sasa hiyo kitu ikiwa kila mtu anaona ndani," alisema siku ya kwanza, huku akinipakulia, "mwizi naye si anaona?"

"Anaona."

"Na wewe unamletea huyu mtoto wa watu akaweke siri za wagonjwa humo?"

Simiyu alimega ugali, akaufinyanga, akaula. "Mwizi anaona," akasema mwishowe, "lakini na fundi anaona. Kwa ile nyingine, fundi haoni. Mwizi, hatujui."

Kesho yake aliniwekea mbele katoni ya karatasi. Rafiki yake aliyefanya kazi Nairobi kwenye ofisi yenye mtandao alikuwa amempigia chapa barua za mabishano ya wale waandishi wa mfumo na kumtumia kwa basi, mwezi baada ya mwezi. Nilizisoma siku tatu. Siku ya nne nilitaka kurudi Bungoma. Kila ukurasa ulikuwa ni tundu. Hapa kuna mlango ambao ukigongwa namna fulani unafunguka. Hapa mtu wa kawaida anaweza kujifanya msimamizi. Hapa neno la siri linaweza kuibwa likiwa njiani. Na waliokuwa wakisema haya hawakuwa maadui wa mfumo. Ni wenyewe, walioujenga, wakisutana kwa lugha ambayo kwetu ingeleta kesi kwa chifu.

"Hii imeoza," nilimwambia Simiyu.

"Umehesabu matundu mangapi?"

"Mengi. Niliacha."

"Na ile mliyokuwa nayo, ile iliyofuta akina mama. Orodha yake ya matundu iko wapi?"

"Sijaiona."

"Kwa hivyo haina matundu?"

Chini yetu kinu kilisimama, na katika ule ukimya wa ghafla sauti yake ikawa kubwa kuliko alivyokusudia. "Bana, mimi sikuambii hii ni safi. Nakuambia uchafu wake unauona. Sasa kazi yako si kutishika. Kazi yako ni kuangalia wanaufanyia nini."

Nilinunua daftari la shule na kulichora mistari. Upande mmoja niliandika tundu, upande wa pili siku lilipotangazwa, kisha siku lilipozibwa, kisha kama lilituhusu au halikutuhusu. Hiyo ndiyo ikawa namna yangu ya kupima, na hata leo, baada ya kufanya kazi za namna nyingi, sijapata njia bora ya kupima kitu au mtu. Sijali sana tena kama ana makosa. Naangalia anachukua muda gani kuyasema na muda gani kuyarekebisha. Niliona matundu yaliyozibwa siku ya pili yake. Niliona mengine yaliyokaa wiki nyingi huku watu wazima wakitukanana kuhusu nani mwenye kosa. Niligundua pia kitu kilichonisumbua. Wapenzi wa mfumo walijisifu kwamba macho maelfu yanautazama, lakini kuna sehemu moja nzima ambayo, kwa barua zote nilizosoma, ilionekana haijatazamwa na mtu kwa miaka, kwa sababu kila mmoja aliamini mwenzake ameshaitazama. Niliogopa kumwambia Simiyu. Nilijua hospitali yetu ikikubali, chama cha wakulima na shule mbili za sekondari zilizokuwa zikisitasita zingefuata, naye angepata kazi ya kudumu.

"Niandike na hilo?" nikamuuliza.

Aliondoa kalamu sikioni, akairudisha. "Ukiliacha, hiyo si ripoti. Ni tangazo."

Akanifundisha pia kwamba jina la mfumo ni jambo moja na mfumo ulioko mbele yako ni jambo lingine. Ukiuweka tu kama ulivyokuja, ulikuwa na milango mingi iliyoachwa wazi kwa ukarimu, huduma ambazo hospitali haingezihitaji kamwe. Tulizifunga moja moja. Alinikalisha kwenye mashine ya pili akaniambia nijaribu kuingia kwa nguvu kwenye ya kwanza kwa njia zote zilizomo katika zile karatasi, na kila niliposhindwa alitikisa kichwa kwa furaha, na mara mbili nilipofaulu alifurahi zaidi. Nilirudi Bungoma nikiwa na ripoti ya kurasa kumi na moja. Ilisema mfumo huu si salama kwa jina lake wala si hatari kwa jina lake. Utakuwa salama kwetu kwa masharti matatu: milango isiyotumika ifungwe; viraka vya kuziba matundu vichukuliwe Kitale kila mwezi; na kila mtumishi awe na neno lake la siri ambalo hatampa mtu yeyote, awe nani. Sharti la tatu nililipigia mstari.

Chumba changu kilitenganishwa na chumba cha kamati na ukuta wa mbao tu, na siku ya kujadili ripoti niliacha kazi nikasikiliza. Mzee Wafula, mweka hazina, ndiye aliyeanza. "Kitu ya bule," alisema. "Kitu ya bule kabisa, halafu ati kira mtu anaweza ona ndani yake. Hata kuku ya bule unauliza imekufa na nini." Wakacheka. Mchungaji akasema amesikia kwa mpwa wake wa Nairobi kwamba wahalifu wa kompyuta wanaupenda mfumo huo. Mwingine akasema yeye amesikia kinyume. Hakuna aliyekuwa ameiona mashine yenyewe. Kisha nikasikia viatu vya Matroni vikisogea chini ya meza. "Mimi nimesoma ripoti ya Nasimiyu, yote," akasema. "Huyu msichana ameandika mabaya na mazuri. Mtu anayekuonyesha mabaya, mimi namwamini." Mfumo ukapitishwa. Nilikaa kwenye kiti changu, mikono imebana magoti, nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kazini.

Simiyu alikuja akauweka. Kwa miezi michache mambo yalikwenda vizuri hadi yakachosha, na hivyo ndivyo mfumo mzuri unavyopaswa kuwa. Kila Alhamisi ya mwisho ya mwezi nilikwenda Kitale kuchukua viraka, nikala chakula cha mchana kwa Chebet, nikarudi. Na ilikuwa mwezi wa pili au wa tatu wa safari hizo Matroni alipopita chumbani kwangu akaegemea mlango.

"Hizi siku unaenda Kitale mimi nafanya aje? Mgonjwa anakuja, faili yake iko ndani ya hiyo kitu, na mimi yangu inanionyesha ya wodi tu. Nipe hiyo neno yako ya siri."

"Matroni, tuliandika kwamba..."

"Najua mliandika. Si nilisoma? Nasimiyu, ni mimi."

Ni mimi. Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi. Nimelifikiria tukio lile miaka yote hii na bado sijui msichana wa umri wangu, aliyetafutiwa kazi na mama huyo, aliyewekewa sukari na mama huyo, angesemaje hapana. Lakini najua hapana ilikuwepo, na kwamba nilikuwa nimeipigia mstari kwa mkono wangu.

Mwezi wa nane akaja mwalimu Agneta. Alifundisha shule ya msingi huko Kabuchai, na alikuwa ameposwa na mdogo wake Matroni, msimamizi wa mashamba ya miwa. Alisimama dirishani pangu saa ya kadi, foleni nyuma yake, akiwa na koti la sweta lililofungwa vifungo vyote ingawa kulikuwa na joto. Hakupaza sauti. "Nilipimwa hapa," alisema. "Nikaambiwa ni siri ya mimi na daktari. Wiki hiyo hiyo watu wa bwana wakarudi kuchukua ng'ombe wao wa mahari. Sasa watoto darasani wananiita jina. Ni nani alisoma faili yangu?" Nilimwambia tutachunguza. Alinitazama kidogo, akageuka, na watu wa foleni wakampisha njia pana kuliko aliyohitaji.

Kamati iliitwa upesi, na safari hii sikuhitaji kutega sikio, walisema kwa sauti. "Si tulisema?" Mzee Wafula alirudia. "Si tuliwaambia iko wazi?" Ilionekana rahisi sana. Mfumo ulio wazi, siri iliyotoka wazi. Simiyu aliitwa kutoka Kitale. Alikuja na mkoba wake, akanisalimu, "Mulembe," akaketi kwenye mashine na kufungua orodha ambayo mfumo ulijiandikia wenyewe, ya nani alifungua faili gani na lini. Hakuchukua muda. Faili ya Agneta ilikuwa imefunguliwa mara moja tu baada ya daktari. Jina lililoifungua lilikuwa langu. Ilikuwa Alhamisi, saa sita na dakika kumi mchana.

Simiyu aliangalia kioo, akaangalia kalenda ukutani. "Alhamisi hii ulikuwa kwangu," akasema polepole. "Chebet alipika kuku."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo si wewe."

"Si mimi."

Nikaona akielewa, hatua kwa hatua, bila kuniuliza. Alipiga chapa ukurasa ule, akaushika. "Niuchukue au nikuachie?"

"Niachie."

"Sawa. Utaandika wewe. Mimi ni mtu wa nje, nikisema mimi itakuwa najitetea." Alifunga mkoba akaenda zake. Aliniamini. Sikujua wakati ule kwamba kuaminiwa kunaweza kuchosha kuliko kushukiwa.

Nilikwenda nyumbani kwa Matroni jioni ile jua likiwa bado juu. Alikuwa sebuleni, vitambaa vya kushona vyeupe kwenye kila kiti, njugu karanga kwenye sahani. Nilimwekea karatasi mezani. Hakuikana. Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la kitenge, akasema, "Yule ni ndugu yangu wa mwisho. Mama alinikabidhi akiwa na miaka mitatu. Ungekuwa mimi, umeona ile, ungenyamaza aende akafe?" Nikasema Daktari angemshauri Agneta amwambie mwenyewe. "Na asingesema?" Ndipo akanishika mkono. "Mimi sikuwaambia watu wa Kabuchai. Nilimwambia ndugu yangu peke yake. Yeye ndiye alisema. Nasimiyu, nimebakisha miaka minne nistaafu. Hiyo mashine haina watoto. Haina jina la kuharibika."

Lakini ilikuwa na jina, na nilikuwa nimetumwa wiki sita kulitafuta. Daktari alitaka ripoti ya pili kufikia Jumatatu. Niliandika ukurasa mmoja. Sentensi ya mwisho ilisema: "Kwa kuwa undani wa mfumo huu uko wazi kwa yeyote, usalama wa kumbukumbu za wagonjwa hauwezi kuhakikishwa." Itazame vizuri. Hakuna neno moja ndani yake ambalo ni uongo. Hakuna mfumo duniani ambao usalama wake unaweza kuhakikishwa. Lakini niliiandika nikiwa na ule ukurasa wa orodha ndani ya droo yangu, umefunikwa kwa bahasha.

Mfumo ukaondolewa ndani ya wiki. Ripoti yangu ya kurasa kumi na moja sidhani kama watu watano waliwahi kuimaliza, lakini ile sentensi ilisafiri. Chama cha wakulima kikamwandikia Simiyu kwamba kinaahirisha. Shule mbili hazikumwandikia kabisa. Kitale nzima ikajua kwamba yule fundi wa ghorofani alimwaga siri za wagonjwa Bungoma, na waliokuwa wakisimulia hawakujua kuwasha kompyuta. Sisi tukarudishiwa mfumo wa zamani, wenye jina zuri. Kwa jinsi ulivyowekwa kwetu haukuandika popote nani amefungua nini. Mimi, Matroni na Daktari, sote tungeweza kusoma faili yoyote, siku yoyote, na isijulikane kamwe. Watu wa kamati walisema sasa wanalala vizuri.

Niliendelea kufanya kazi hivyo hadi mwezi wa kumi na moja. Kilichonivunja kilikuwa kidogo. Mwanamke mmoja aliyevaa leso ya buluu, muuza mboga kutoka sokoni, alikuja dirishani kabla ya kwenda kupimwa, akainama karibu na tundu la kioo. "Dada, hapa ni salama? Mimi niko na watoto, na nyumba si yangu." Nilifungua mdomo kusema ndiyo, kama nilivyowaambia wengine wengi, na haikutoka. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, mama." Nikafungua droo, nikatoa ule ukurasa, nikatembea nao hadi ofisi ya Daktari Mukhwana, nikampa, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama.

Aliusoma. "Unajua ukiniachia hii karatasi, lazima nifanye kitu," akasema. "Kwako pia."

"Najua, Daktari."

"Mbona hukuniletea Agosti?"

Alifunga macho akayakanda kwa vidole. "Mwambie huyo mama nitamwona mwenyewe. Faili yake nitaiandika kwa mkono."

Matroni alistaafishwa mapema, kwa sababu za kiafya, ilisemwa. Hakunisemesha tena, na alipokufa miaka mingi baadaye sikuthubutu kwenda. Mimi nilipewa barua ya kuondoka mwisho wa mwezi. Mfumo haukurudishwa. Kamati iliambiwa ukweli wote, na Mzee Wafula akasema kwamba basi, yameshapita, tena mambo ya kompyuta yamewachosha. Kuhusu hilo la kuchoka sikuweza kumpinga.

Nilikwenda Kitale kumwambia Simiyu. Ile karakana ghorofani ilikuwa imefungwa. Nilimkuta kibandani upande wa Kipsongo, redio tano zimefunguliwa matumbo, mizani ya dukani ikining'inia juu yake. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichomelea waya. Nilimwambia nitaandika barua kwa chama na kwa shule zote mbili, na niliziandika kweli, na hakuna iliyojibiwa. "Ripoti ya kwanza ilikuwa nzuri," alisema. "Ile ya macho yasiyotazama, ilikuwa nzuri sana. Mimi sikuwa nimeiona." Akauliza kama nimekula. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Tulikula muhindi wa kuchoma tukiwa tumesimama, na tangu siku hiyo hadi alipokufa tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, na hakulitaja tena.

Alibaki Agneta. Nilimfuata Kabuchai wiki ya mwisho ya shule. Nilimkuta nyumbani kwake akisahihisha mitihani kwenye meza iliyokuwa nje, chini ya paa. Nilimwambia faili yake ilifunguliwa na nani, kwa neno la siri la nani, na niliandika nini baadaye. Aliendelea kusahihisha. Alimaliza karatasi moja, akachukua nyingine.

"Ulipoandika hiyo ripoti ya pili, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua." Aliweka kalamu chini. "Sasa umekuja nikusamehe ndio uende ulale?"

"Sijui nimekuja kwa nini, mwalimu. Nimeona una haki ya kujua."

"Mimi nilishajua kwamba ni mtu. Mashine haiwezi kuwa na mdomo kama huo." Alitazama miwa ng'ambo ya njia kwa muda. "Kesho saa nne ni chai ya walimu. Utakuja."

Nilikwenda. Chumba cha walimu kilikuwa na meza mbili ndefu, birika kubwa la bati, na trei ya vikombe. Kikombe kimoja kilikaa peke yake kwenye dirisha, kwenye kishikio kimezungushiwa utepe mweupe wa kufungia vidonda. Agneta hakunitambulisha. Alinionyesha tu kwa kidevu nisimame, nami nikasimama mbele ya walimu tisa na mwalimu mkuu, nikasema jina langu, nikasema nilikuwa karani hospitalini, na kwamba siri ya mwalimu huyu ilitoka kwa sababu yangu na si kwa sababu ya kompyuta yoyote. Mwalimu mkuu alikohoa, akasema hayo ni ya ofisi. "Si ya ofisi," Agneta akasema. Akamimina chai katika kikombe chake cha dirishani, akanywa nusu, akanipa.

Nilikishika. Naweza kuapa kwamba nilikuwa nimesoma vipeperushi vyote vya hospitali, na nilijua vizuri kabisa kwamba ugonjwa ule haupiti kwa kikombe. Hata hivyo mkono ulikawia. Agneta aliona ulivyokawia. Kila mtu aliona. Kisha nikanywa, yote, hadi majani ya chini. Mwalimu mmoja mzee wa kike, aliyekuwa karibu na mlango, alisogeza kiti chake mbele kidogo, labda kwa ajili ya kuona vizuri, labda kwa lingine. Agneta akakichukua kikombe mkononi mwangu, akaubandua ule utepe kwa ukucha, ukatoka kwa shida kwa sababu ulikuwa umegandamana miezi mingi. Akakiosha kwa maji ya moto, akakipangusa, akakipanga kwenye trei katikati ya vingine, na kwa kuwa vyote vilikuwa vya aina moja, baada ya kuisukuma trei hiyo mara mbili tatu, hata yeye mwenyewe asingeweza tena kusema ni kipi. Akachukua chaki zake akaenda darasani.